Jina la Ziwa na Jina la Nchi: Muungano wa 1964 Ukitazamwa kutoka Kasulu na Kibondo

Katika nchi ya Buha jina la Tanganyika halijafutwa. Wavuvi wa Kigoma hulitamka kila siku, kwa kuwa ndilo jina la ziwa lao. Ndugu zetu Waanglikana, ambao makao ya askofu wao yapo Kasulu, wamelihifadhi katika jina la dayosisi yao, Dayosisi ya Western Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1966, yaani miaka miwili baada ya dola yenye jina hilo kutoweka katika orodha ya mataifa. Tulipotumika Kasulu, na baadaye Kibondo, tulipita mara nyingi mbele ya kibao chenye jina hilo pasipo kulitafakari.

Aliyetulazimisha kulitafakari ni mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Kibondo, katika somo la Historia ya Kanisa. Tulikuwa tukizungumzia sala za kanisa kwa ajili ya taifa. Akasimama akauliza, "Mchungaji, kila tarehe 26 Aprili tunaombwa tuuombee Muungano. Wazanzibari wanajua kwamba wameungana na Tanganyika. Sisi wa Kibondo tumeungana na nani, tukiwa sisi wenyewe ndio tunaoitwa Muungano?" Darasa lilicheka, nasi pia tulicheka kidogo, kisha tukaona kwamba hatuna jibu la kumpa siku ile. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Tunakusudia kuonyesha kwamba mvutano kati ya Zanzibar na Bara haukuanza kama ugomvi wa dini, wala si chuki ya watu kwa watu, ingawa mara kwa mara umevaa mavazi hayo mawili. Chanzo chake kimo katika umbo la Muungano wenyewe. Mshirika mmoja alibaki na jina lake na serikali yake; mwingine aliyavua yote mawili akavaa vazi la Muungano. Tangu siku ile mdogo analalamika kwamba mkubwa ameuchukua Muungano ukawa mali yake, na mkubwa analalamika kwamba yeye peke yake hana nyumba.

Buha kabla ya Tanganyika

Yafaa tukumbuke kwamba nchi ya Buha ilifahamiana na Zanzibar kabla ya kuifahamu Tanganyika. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na biashara ya pembe na ya watumwa iliyopita njia hiyo ilihesabiwa Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mwinyi Kheri, mkuu wa wafanyabiashara wa Ujiji, alipandisha bendera ya Sultani wa Zanzibar ufukweni mwa ziwa. Katika nyanda za juu, wafalme wa Heru, wa Muhambwe na wa Buyungu waliendelea kutawala kwa desturi zao, wakiuza chumvi na chakula kwa watu wa pwani ya ziwa pasipo kumtii Sultani. Lakini Kiswahili kilipanda mlima kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliwaondoa Wajerumani Kigoma, na kwa miaka kadhaa Kasulu na Kibondo zilitawaliwa na Wabelgiji pamoja na Ruanda na Urundi. Jina "Tanganyika Territory" lilitangazwa na Waingereza mwaka 1920. Kigoma ilikabidhiwa kwao mwezi Machi 1921. Hivyo Waha waliingia katika Tanganyika mwaka mmoja baada ya Tanganyika kupewa jina, kwa mapatano ya mabwana wawili wa Ulaya, na mpaka uliochorwa uliwatenga na Warundi ambao lugha yao wanaielewa bila mkalimani. Hakuna mwami aliyeulizwa. Kwa mtu wa Buha, basi, kuunganishwa na wengine kwa hati iliyoandikwa mbali si jambo lililoanza mwaka 1964.

Yaliyofuata tunayapitia kwa haraka. Chini ya Waingereza Buha ilifanywa ghala la nguvu kazi. Vijana wake walipelekwa kwa maelfu kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya watemi na wafalme wa jadi nchi nzima, na kiti cha Heru kikabaki heshima tupu. Kuanzia mwaka 1972 Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa ya kwanza ambako watu walihamishiwa vijijini kwa operesheni. Tunayataja haya ili msomaji asidhani kwamba "Bara" inayolalamikiwa Zanzibar ni mwili mmoja wenye nguvu moja. Ndani ya Bara wapo waliokuwa pembezoni kuliko Pemba.

Hati za mwaka 1964

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani, na Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika waliasi mjini Dar es Salaam, na serikali ya Mwalimu Nyerere ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Ni viongozi wawili waliotikiswa, kila mmoja kwa namna yake, waliotia saini Hati za Makubaliano ya Muungano mjini Zanzibar tarehe 22 Aprili. Bunge la Tanganyika liliridhia tarehe 25, na tarehe 26 Muungano ukaanza. Tangu saini hadi dola mpya zilipita siku nne.

Wanahistoria wameendelea kubishana kuhusu nani alimsukuma nani. Wako wanaosisitiza hofu ya mataifa ya Magharibi kwamba Zanzibar ingegeuka kuwa Kuba ya Afrika, na wako wanaosisitiza ndoto ya umoja wa Afrika. Profesa Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu Muungano, ameyapima yote mawili kwa makini, na hatuna haja ya kurudia kazi yake. Kwa hoja yetu linatosha jambo la kisheria. Mwandishi wa hati alikuwa Roland Brown, Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika, Mwingereza; Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Wolfgang Dourado, hakushirikishwa. Hati zilitaja mambo 11 ya Muungano, miongoni mwake mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, kodi ya mapato na ushuru wa forodha, bandari na posta. Kwa mambo yasiyo ya Muungano, Zanzibar ilibaki na serikali yake na Baraza lake la Mapinduzi. Kwa Tanganyika, mambo yasiyo ya Muungano yaliwekwa chini ya Rais na Bunge la Muungano.

Hapa ndipo kisu kilipopita. Wanasheria wengi wameona nyuma ya mpango huu mfano wa Ireland Kaskazini, ambayo mwaka 1920 ilipewa bunge lake ndani ya Ufalme wa Muungano wakati England haina lake. Mwalimu Nyerere alitoa sababu ambayo haifai kubezwa: serikali moja ingeonekana kuimeza Zanzibar, na serikali tatu zingekuwa mzigo kwa nchi maskini, hasa kwa kuwa serikali ya Tanganyika ingekuwa karibu sawa kwa ukubwa na ile ya Muungano. Kwa hiyo mkubwa alijinyima ili mdogo asiogope. Tunaamini nia ilikuwa njema. Lakini aliyejinyima jina hakujinyima nguvu, maana Bunge, hazina na jeshi vilibaki Dar es Salaam, mikononi mwa watu wale wale.

Hati ziliahidi kwamba ndani ya mwaka mmoja lingeitishwa Bunge la Katiba. Mwaka 1965 sheria iliahirisha jambo hilo, na Katiba ya kudumu haikuja mpaka mwaka 1977. Katikati ya muda huo na baada yake orodha ya mambo ya Muungano ilirefuka: fedha na benki, elimu ya juu, mafuta na gesi, na mengineyo, hata yakafika 22. Kila nyongeza ilipitishwa na Bunge ambamo Zanzibar ni wachache. Mzee Karume aliyaona haya mapema; kauli inayonasibishwa naye mpaka leo, kwamba Muungano ni kama koti, likikubana unalivua, husemwa Unguja kwa kicheko, nako Dodoma haichekeshi.

Mafungu kumi

Wasomaji wetu wanakikumbuka kisa cha 2 Samweli 19, Daudi anaporudishwa Yerusalemu baada ya uasi wa Absalomu. Daudi alikuwa mfalme wa muungano. Yuda walimpaka mafuta kwanza huko Hebroni. Wazee wa Israeli wakaja miaka kadhaa baadaye, naye akafanya agano nao. Zilikuwa nyumba mbili chini ya kiti kimoja. Mtoni Yordani watu wa Israeli wanateta kwa nini Yuda wamemvusha mfalme bila wao. Yuda wanajibu kwamba mfalme ni ndugu yao, na kwamba hawajala kitu chake. Israeli wanasema wao wana mafungu kumi katika mfalme. Mwandishi anamaliza kwa kutuambia kwamba maneno ya Yuda yalikuwa makali zaidi, kisha ananyamaza.

Hoja zote za Muungano wetu zimo katika mistari hiyo mitatu: nani ana mafungu mengi, nani ni ndugu wa karibu wa mamlaka, nani amekula.

Kwa sensa ya mwaka 2022 Bara ina watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773; ni watatu tu kati ya kila mia. Hata hivyo Zanzibar ina majimbo 50 ya uchaguzi katika Bunge la Muungano, na Baraza la Wawakilishi hupeleka wajumbe watano zaidi. Mtu wa Bara anayeyahesabu haya huona kwamba mdogo amependelewa. Anauliza pia kwa nini mbunge wa Pemba apige kura kuhusu hospitali ya Kibondo, wakati afya si jambo la Muungano na mbunge wa Kibondo hana sauti yoyote kuhusu hospitali ya Chake Chake. Ni swali halali, na hatujaona aliyelijibu vizuri. Lakini Mzanzibari naye anahesabu: mgawo wake katika misaada na mikopo ya Muungano, ambao kwa miaka mingi ulikadiriwa kwa asilimia 4.5, mtaji wa bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki ulioingia Benki Kuu mwaka 1966, bidhaa zake zinazotozwa ushuru upya zikishuka bandari ya Dar es Salaam, mikutano ya nchi za nje ambako waziri anayemwakilisha katika kilimo au uvuvi ni waziri ambaye nyumbani hana mamlaka hata juu ya shamba moja la karafuu.

Waliojaribu kulisema jambo hili wazi walilipia. Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, alipoandaa shauri kuhusu muundo wa Muungano na serikali tatu, alilazimika kujiuzulu nyadhifa zake mjini Dodoma mwezi Januari 1984. Seif Shariff Hamad, Waziri Kiongozi, aliondolewa mwaka 1988 na kuwekwa kizuizini mwaka uliofuata. Upande wa Bara, wabunge 55 walidai serikali ya Tanganyika mwaka 1993, Bunge likakubali hoja yao, kisha likageuzwa mwaka 1994 baada ya Mwalimu kusimama kinyume nayo. Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imependekeza serikali tatu, Kamati ya Jaji Kisanga ikapendekeza hivyo mwaka 1999, na Tume ya Jaji Warioba ikafanya hivyo tena mwaka 2013. Katika hesabu za Tume ya Warioba, miongoni mwa waliozungumzia muundo, asilimia 61 ya watu wa Bara walitaka serikali tatu, na asilimia 60 ya Wazanzibari walitaka Muungano wa mkataba. Mara tatu majaji waliulizwa, mara tatu jibu lao likawekwa kabatini. Bunge Maalumu lilipitisha serikali mbili tarehe 2 Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa isifanyike. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, ambaye aliyapinga baadhi ya mafungu ya rasimu hiyo, alipoteza kazi yake mwezi ule ule.

Tumelitaja hili kwa urefu kwa sababu wanafunzi wetu wengi hudhani kwamba ni Wazanzibari peke yao wanaotaka jambo libadilike.

Sasa turudi Kasulu. Ukiwa kule, ni wapi unapokutana na Muungano? Shamba lako la mihogo na maharage si jambo la Muungano, wala shule ya msingi, wala zahanati. Muungano ni uraia, uhamiaji, polisi na jeshi. Katika wilaya zilizopakana na Burundi, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 na kambi za Kibondo zilipokea mamia ya maelfu ya watu, hayo ndiyo mambo yanayogusa maisha ya kila siku. Mha anashushwa kwenye basi, anaulizwa kitambulisho, na lafudhi yake inamtia mashakani. Nasi tumewahi kushushwa, tukiwa na kola ya uchungaji shingoni, tukaombwa kutaja jina la babu. Tulilitaja. Tukaombwa kulitaja tena polepole. Kwa hiyo tunaposikia Mzanzibari akisema kwamba Muungano ameuona katika sura ya askari, tunamwelewa. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kurudi kwa serikali yake na kulalamika. Mtu wa Kasulu anayelalamikia zahanati au kizuizi cha barabarani hupeleka malalamiko yote mawili mlango ule ule.

Mfano wa Wales

Tumetaja Ireland Kaskazini. Mfano unaotufundisha zaidi, hata hivyo, ni wa Wales. Nchi hiyo iliunganishwa na England kwa sheria za mwaka 1536 na 1543, nazo ziliagiza kwamba asiyejua Kiingereza asishike kazi ya umma. Hakukuwa na makubaliano ya pande mbili. Bunge la London lilitunga, Wales ikapokea. Mwaka 1847 ripoti ya serikali kuhusu shule iliwadharau watu wa Wales, lugha yao na maadili yao, wakajeruhiwa kiasi kwamba bado wanaikumbuka. Kilichookoa lugha yao ni Biblia. William Morgan, mchungaji ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha Biblia nzima katika lugha ya Wales mwaka 1588, na kwa karne tatu makanisa yalikuwa shule za lugha hiyo.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume, na kinyume hicho kinafikirisha. Lugha ya taifa letu ni ya mdogo. Kiswahili sanifu, kilichokubaliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, ambayo Askofu Edward Steere aliifanyia kazi kubwa ya tafsiri katika karne ya 19. Biblia tunayoisoma madhabahuni, iliyotoka mwaka 1952, inaitwa ya Muungano kwa kuwa iliunganisha mikondo ya tafsiri ya Mombasa na ya Unguja. Mchungaji wa Kasulu anahubiri kwa lahaja ya visiwani kila Jumapili. Katika kisa chetu, lugha inayofanana na ile ya Wales ni Kiha: kinasikika sokoni na jikoni, kinakatazwa shuleni, na kanisani kinaachiwa nyimbo za akina mama. Hapa mkubwa hakumnyang'anya mdogo lugha. Alimwazima, akasahau kumshukuru, na akazisahau lugha zake mwenyewe.

Mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn huko Wales, chenye kanisa na shule yake, kilifunikwa na maji ya bwawa lililojengwa kwa ajili ya jiji la Liverpool. Sheria ya bwawa hilo ilipita London mwaka 1957 ijapokuwa karibu wabunge wote wa Wales hawakuiunga mkono. Mafungu kumi yalishinda. Watu wa Wales walikataa bunge lao wenyewe kwa kura nyingi mwaka 1979, na mwaka 1997 wakalikubali kwa asilimia 50.3, tofauti ya kura 6,721 tu. Inastahili kuangaliwa kwamba tofauti hiyo ndogo ilikubaliwa na pande zote. Miaka miwili kabla, mwaka 1995, matokeo ya Zanzibar yalitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na visiwa havikupata amani kwa miaka mingi. Namba zinakaribiana. Kilichotofautiana ni imani ya walioshindwa kwa wale waliohesabu.

Na kwa wale wanaopenda mpira: Wales ina timu yake katika FIFA na ilicheza Kombe la Dunia mwaka 1958 na 2022. Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF mwezi Machi 2017, ikaondolewa mwezi Julai. Vijana wa Unguja wanaijua hesabu hii kuliko ile ya Benki Kuu.

Kanisa lilisikia nini

Sasa tujipime sisi wenyewe. Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwezi Desemba 1992, makanisa ya Bara yalishtuka na kusema kwa sauti, mpaka Zanzibar ikajitoa mwezi Agosti 1993. Hatusemi kwamba hapakuwa na jambo la kusema; mambo ya nje ni ya Muungano, na Katiba ilikuwa imeguswa. Lakini wachungaji wazee tuliowauliza wanakumbuka vizuri mahubiri ya mwaka 1993, na hakuna anayekumbuka kwamba alihubiri lolote Jumbe alipoanguka mwaka 1984. Muungano ulitupata masikio ulipogusa dini. Tangu wakati huo Mkristo wa kawaida wa Bara amezoea kusikia kila dai la Zanzibar kama dai la Uislamu. Mwezi Aprili 2014, wakati Bunge Maalumu likiendelea, waziri mmoja alisimama katika sherehe ya kikanisa mjini Dodoma akalitumia jukwaa hilo kuwaonya watu dhidi ya serikali tatu, akigusia hofu ya dini. Siku chache baadaye wajumbe wa upinzani walitoka bungeni. Aliyesema alikuwa mwanasiasa. Jengo lilikuwa letu, na tunaliona kuwa ni jeraha la Kanisa zima, wala si la dhehebu lililomkaribisha tu.

Mwezi Januari 2001, baada ya maandamano kuzimwa kwa risasi Unguja na Pemba na watu zaidi ya 30 kuuawa, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, Kenya, kuomba hifadhi. Wakati huo huo Kasulu na Kibondo zilikuwa zimejaa wakimbizi wa Burundi. Nchi iliyosifiwa duniani kwa kupokea wakimbizi ilikuwa imetoa wa kwake. Katika sharika za Buha, ambako kila muumini alijua mkimbizi anafananaje, ambako watu walikuwa wamegawana nao maji na kuni, habari hiyo ingeweza kueleweka kuliko mahali popote nchini. Tulikuwa vijana wakati ule. Hatukumbuki kwamba Wapemba wale walitajwa katika sala hata mara moja.

Jambo moja la baadaye lilitushangaza kwa uzuri. Mwezi Machi 2019 Seif Shariff Hamad, akiwa amepoteza chama chake mahakamani, alihamia chama cha ACT-Wazalendo, ambacho kiongozi wake alikuwa mwana wa Kigoma, Zitto Kabwe. Hatuandiki haya ili kupendelea chama. Wasomaji wetu ni wa vyama vyote na wengine hawana. Lakini pembe mbili za nchi, ile ya ziwa na ile ya bahari, zilikutana tena kama enzi za misafara, safari hii pasipo pembe wala watumwa. Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar katika serikali ya umoja. Mwezi uliofuata Mzanzibari, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mwaka 2023, mkataba wa bandari ulipozua mjadala, wapo watu wa Bara waliosema kwamba Mzanzibari anauza mali ya Tanganyika. Jina lilirudi midomoni, na lilirudi kwa hasira.

Kanisa letu lenyewe lina uzoefu ambao halijautumia. Makanisa saba yaliungana tarehe 19 Juni 1963, miezi kumi kabla ya Hati za Muungano, yakawa Kanisa moja la Kilutheri la Tanganyika, leo Tanzania. Hakuna dayosisi iliyoambiwa kwamba kwa kuwa ni kubwa, ofisi yake ndiyo itakayokuwa ofisi ya Kanisa zima. Kila moja ilibaki na katiba yake, askofu au rais wake na hazina yake, na juu yao yakawekwa mambo ya umoja. Muundo huo una gharama zake, kama anavyojua kila aliyewahi kudai mchango wa dayosisi uliochelewa. Una vidonda vyake pia: Meru, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waumini waliumizana kwa ajili ya mipaka ya dayosisi. Lakini hata katika ugomvi ule kila upande ulijua jina la upande wa pili.

Mwanafunzi yule wa Kibondo amekwisha kubarikiwa, naye anatumika katika usharika ulio karibu na kambi. Alituandikia kwamba tarehe 26 Aprili iliyopita aliiombea Zanzibar kwa jina, akaiombea Tanganyika kwa jina, ndipo akauombea Muungano, na somo lake lilikuwa 2 Samweli 19 mpaka mwisho wa sura. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alimfuata nje akamwuliza kama Yuda na Israeli walielewana siku ile pale mtoni. Alimjibu kwamba sura ya 20 wataisoma Jumapili inayofuata.